Nyumba za bei rahisi Berlin, New Hampshire, na bili zinazokuja nazo

Kazi yangu ni kukaa na familia zinazotaka kununua nyumba na kupiga nazo hesabu kabla hawajatia saini. Wengi wanaonijia ni watu wa Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya wachache, wanaoishi Manchester na Concord hapa jimbo la New Hampshire, Marekani, au ng'ambo ya mpaka kule Lewiston, Maine. Siku hizi swali ni lile lile. Mtu ananyoosha simu, ananionyesha picha ya nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, mlima nyuma yake, na kuniuliza: "Dada, mbona Berlin nyumba ni rahisi hivi? Ina nini?"

Swali ni la haki. Mwaka 2024 bei ya kati ya nyumba ya familia moja katika jimbo zima ilivuka dola 500,000. Berlin bado utakuta nyumba kamili chini ya dola 200,000. Nyumba yenyewe mara nyingi haina ubaya wowote. Ila bei ya kununua ni kitu kimoja na gharama ya kuishi ndani ni kitu kingine, na pale Berlin kilichoshusha ya kwanza ndicho kilichopandisha ya pili.

Mji uko kaskazini mwa jimbo, kwenye bonde la mto Androscoggin katikati ya milima ya White Mountains. Uliishi kwa karatasi. Magogo yalishuka mtoni, viwanda vya kampuni ya Brown vikayageuza rojo (mbao iliyosagwa na kulainishwa ya kutengenezea karatasi) na karatasi yenyewe, na wahamiaji kutoka Quebec, Norwei na Urusi wakaja kufanya kazi. Mwaka 1930 mji ulikuwa na watu 20,018. Sensa ya 2020 ilihesabu 9,425. Kiwanda cha rojo, ambacho mwishoni kilikuwa mikononi mwa kampuni ya Fraser Papers, kilifungwa 2006. Kwa hiyo kuna nyumba, barabara na mabomba ya watu elfu ishirini, na wakazi chini ya nusu yao. Nyumba nyingi, wanunuzi wachache, bei ikashuka. Hapo ndipo maelezo ya madalali wengi huishia.

Sasa tuje kwenye kodi ya majengo, na hapa naomba usome polepole. Kama umezoea Tanzania, ambako tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kidogo kidogo ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, sahau picha hiyo. New Hampshire haitozi kodi ya mauzo dukani wala haikati kodi ya mapato kwenye mshahara wako. Watu huisifu kwa hilo, na ni kweli. Lakini shule lazima ziendeshwe, theluji lazima iondolewe barabarani, zimamoto lazima walipwe. Mzigo huo kwa sehemu kubwa unabebwa na wenye nyumba.

Hesabu yake inaanzia upande ambao wengi hawautegemei. Mji haupangi kiwango kwanza. Unapanga bajeti kwanza, unatoa mapato mengine, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa thamani ya mali zote zinazotozwa kodi mjini. Jibu ndilo kiwango, na huandikwa kama dola kadhaa kwa kila dola elfu moja ya thamani. Bili ikikufikia utaona mistari minne: ya mji, ya kaunti, ya shule za mji, na ya elimu ya jimbo. Mstari wa shule ndio mara nyingi unaowashtua watu.

Kiwanda kilipokuwepo, kilikuwa kwenye lile fungu la mali zinazotozwa. Kilipoondoka, fungu likapungua, lakini shule hazikupungua kwa kasi hiyo, wala barabara hazikufupika. Kwa miaka mingi kiwango cha Berlin kilizidi dola 30. Kwa hiyo chukua nyumba ya dola 180,000 na kiwango cha 30 tu: unalipa dola 5,400 kwa mwaka, yaani 450 kila mwezi, juu ya rejesho la benki. Linganisha na Moultonborough, mji wa nyumba za mapumziko kando ya ziwa Winnipesaukee, ambako kiwango hakifiki dola 10. Nyumba ya dola 500,000 pale inalipa chini ya dola 5,000. Mwenye nyumba karibu mara tatu ya thamani analipa kodi ndogo kuliko wewe, na shule yake haikosi kitu.

Jambo hili limenikera tangu nilipolielewa, na sikuwa wa kwanza. Claremont, mji mwingine uliobaki na majengo ya viwanda, ulilipeleka mahakamani. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema ni wajibu wa jimbo kumpatia kila mtoto elimu ya kutosha, na 1997 ikasema kutegemea kodi za miji zenye viwango tofauti hivi ni kinyume cha katiba. Mpaka leo tofauti bado ziko kwenye bili za watu.

Utasema: si ajira zimerudi? Zimerudi kiasi. Kuna gereza la jimbo, gereza la serikali kuu lililofunguliwa 2012, hospitali, chuo. Ni kazi zenye mshahara wa uhakika na bima ya afya, na nawaambia watu waziombe. Lakini angalia wamiliki wake. Majengo ya serikali kuu na ya jimbo hayatozwi kodi hii. Mwajiri mkubwa wa zamani alilipa kodi, waajiri wakubwa wa sasa kwa kiasi kikubwa hawalipi, na pengo linajazwa na mwenye nyumba ya mbao. Kiwanda cha umeme wa mabaki ya miti, Burgess, kilichoanza kuzalisha 2014 pale pale kilipokuwa kiwanda cha rojo, kilileta matumaini. Mwaka 2024 kikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Bili ya pili kwa ukubwa iko chini ya nyumba. Shuka besimenti kabla ya kununua. Nyumba nyingi za zamani hupashwa joto kwa mafuta, na utakuta tangi la chuma, la kawaida likiwa la galoni 275, zaidi kidogo ya lita elfu moja. Juu yake kuna kijibomba cha plastiki angavu, ndani yake kielea chekundu kinachoshuka kadiri mafuta yanavyoisha. Wenyeji hukitazama majira ya baridi kama mvuvi anavyotazama maji. Kikishuka mpaka chini, boila, yaani mtambo unaopasha nyumba joto, inazima, maji yanaganda kwenye mabomba, mabomba yanapasuka, na fundi anakuja kwa bei ya dharura.

Kuanzia Oktoba mpaka Aprili boila haipumziki. Nyumba kubwa ya zamani, kuta zake hazina kitu cha kuzuia joto lisitoke, inaweza kumaliza galoni 800 kwa msimu. Kwa dola 3.50 kwa galoni hizo ni dola 2,800. Mwaka 2022 bei ilipita dola 5, na hesabu ile ile ikawa zaidi ya 4,000. Tena kampuni nyingi haziji kwa oda ya chini ya galoni 100, kwa hiyo lazima uwe na mamia ya dola mkononi kwa siku moja. Asiye nazo utamwona kituo cha mafuta akijaza vidumu vya dizeli aje amimine tangini, na hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote.

Gari halina mjadala, tena moja kwa kila anayefanya kazi zamu. Manchester ni zaidi ya saa mbili. Chumvi inayomwagwa barabarani dhidi ya barafu inakula bodi ya gari, na matairi ya theluji si anasa.

Mshahara upoje? Kima cha chini New Hampshire ni dola 7.25 kwa saa, kile cha taifa. Waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, lakini duka la Berlin halishindani na ghala la Manchester. Kwa hiyo ushauri wangu una mpangilio: kazi kwanza, nyumba baadaye. Ukipata kazi gerezani, hospitalini au shuleni, Berlin inaweza kukupa kitu ambacho kusini huwezi kukigusa, na nimeshuhudia familia zikifurahi kabisa huko. Ukienda kwa sababu ya picha tu, kodi na mafuta vitakula ile nafuu yote.

Ukiwa mpangaji, uliza swali moja kabla ya jingine lolote: joto limo ndani ya pango au halimo? Kwenye zile nyumba za ghorofa tatu zilizojengewa wafanyakazi wa kiwanda, pango la dola 200 zaidi lenye joto ndani laweza kuwa nafuu kuliko lile linaloonekana dogo. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 na mna watoto wadogo, uliza pia kama kuta zina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Ukinunua, mwombe muuzaji bili ya kodi ya karibuni na risiti za mafuta za msimu mzima, si za mwezi mmoja. Omba msaada wa mafuta kupitia shirika la misaada la Tri-County Community Action Program mapema, kabla tangi halijaisha. Kuna nafuu ya jimbo kwa wenye nyumba wa kipato cha chini na cha kati, inayorudisha sehemu ya ule mstari wa elimu ya jimbo. Fomu yake ni DP-8, na hupokelewa kati ya Mei 1 na Juni 30. Ukiona nyumba yako imekadiriwa juu ya thamani yake halisi, maombi ya kupunguziwa huwasilishwa mjini mwisho Machi 1 baada ya bili ya mwisho ya mwaka. Niletee bili tuisome pamoja mstari kwa mstari, na uje mwezi wa kwanza, si wiki ya mwisho ya Februari.