Shokapu na springi mpya: kazi ipi uifanye nyumbani, na ipi uipeleke gereji

Watu wengi huja kwangu wakiwa wameshanunua seti ya shokapu na springi za kuinua gari, nao huuliza kama wanaweza kuifunga wenyewe nyumbani. Kazi yangu ni sehemu za chini ya gari, na jibu langu halitegemei sana mazoea ya mtu ya kushika spana. Linategemea jinsi springi ilivyokaa, kwa sababu gari moja laweza kuwa na kazi nyepesi nyuma na kazi ya hatari mbele.

Chukua Toyota Land Cruiser Prado ya 150, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2009 na ambayo leo imejaa barabarani kwetu. Nyuma ina ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili, na kila upande springi imesimama peke yake huku shokapu ikiwa imefungwa kando. Ukiinua gari, ukakalisha chasisi juu ya stendi, ukashikilia ekseli kwa jeki, kisha ukafungua shokapu na kuishusha ekseli taratibu, springi hulegea yenyewe hadi ukaitoa kwa mkono. La kuangalia sana ni mipira ya breki na nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki), ambazo hazipaswi kubeba uzito wa ekseli wala kuvutwa. Mtu makini mwenye vifaa vinavyofaa na msaidizi mmoja anaiweza kazi hii, nami humtia moyo aifanye, isipokuwa kama gari lake lina KDSS, yaani mfumo wa haidroliki unaoshika stabilaiza, zile fimbo zinazopunguza gari kulala upande kwenye kona. Hilo alilete kwa fundi anayeufahamu.

Mbele mambo hubadilika. Hapo springi imevishwa juu ya shokapu, ikakandamizwa, na kinachoizuia isifumuke ni nati moja ya katikati, juu kabisa. Ndiyo springi inayobeba upande mzima wa mbele wa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Anayeifungua nati hiyo kabla springi haijabanwa ipasavyo anaweza kupoteza mkono au uhai, na sisemi hivi kwa kutisha watu. Vibanio vya kulabu vinavyouzwa kwa bei nafuu huteleza, hasa kwenye springi nene za magari makubwa, na mimi siruhusu vitumike karakana kwangu.

Hata hivyo kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye Prado hiyo shokapu ya mbele imeshikwa na nati tatu juu na boliti moja chini, mbali na ile nati ya katikati. Ukiacha nati ya katikati bila kuigusa, unaweza kuitoa shokapu pamoja na springi yake kama kitu kimoja, ukaipeleka gereji yenye mashine ya kubana springi iliyofungwa imara ukutani au mezani, wakakubadilishia, nawe ukairudisha mwenyewe. Unaweza pia kununua shokapu iliyokwisha kuunganishwa na springi kiwandani. Ushauri huo unafaa vilevile kwa magari madogo kama Corolla na IST, ambayo mbele yana muundo wa MacPherson. Tofauti ni kwamba huko shokapu yenyewe ndiyo inayosimamisha gurudumu, hivyo ukiifungua tu umeshagusa mwelekeo wa tairi.

Kabla ya yote, tazama mahali utakapofanyia kazi. Jeki iliyowekwa juu ya mchanga au kifusi huzama upande mmoja, na gari huponyoka. Panahitajika sakafu ya zege iliyo sawa, na hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Tazama pia kutu. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na boliti zilizogandana na bushi (vile vikombe vya chuma na raba ambamo boliti hupita), na hapo kazi ya asubuhi moja hugeuka kuwa ya siku kadhaa. Usizipashe moto ukiwa na shokapu ya gesi karibu, kwani ndani yake mna nitrojeni yenye shinikizo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika magari yaliyofungwa nyumbani halionekani kwa macho. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba hukazwa gari likiwa bado juu na magurudumu yakining'inia. Gari likishushwa, raba hujisokota na kubaki hivyo siku zote, hadi ikachanika mapema, na mwenye gari akadhani ameuziwa spea feki. Boliti hizo zikazwe kidogo tu wakati gari liko juu, kisha zikazwe kikamilifu uzito ukiwa juu ya magurudumu, kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, na kwa kipimo cha kitabu cha gari lenyewe.

Ukiinua gari kwa milimita 50, wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, si jambo la hiari, na haifanyiki nyumbani. Taa za mbele nazo zirekebishwe. Ekseli nzima ya nyuma husogea kidogo pembeni, kwa sababu fimbo inayoishikilia kwenye chasisi imebadilika pembe.

Lakini jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alikague ni breki. Baadhi ya magari ya kubeba mizigo, zikiwemo Hilux nyingi za zamani, yana vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hupima uzito wa mzigo kwa nafasi iliyopo kati ya ekseli na chasisi. Ukiinua gari, nafasi huongezeka, vali hufanya kazi kana kwamba gari ni tupu, na hupunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umepakia tani nzima. Fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo, kabla gari halijatoka getini, na kama hujui ilipo kwenye gari lako, usianze kufungua hata nati moja.