Kingamwili zinapougeukia mwili: mfano wa APECED

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na seli nyeupe za damu ili kunasa vijidudu vinavyoingia mwilini. Zikianza kunasa protini za mwili wenyewe, huitwa kingamwili za nafsi, na maradhi yanayozidhihirisha vyema ni APECED, maradhi adimu yatokanayo na hitilafu ya jeni ya AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997 kwenye kromosomu ya 21.

Jeni hiyo hufanya kazi katika tezi ya thaimasi, nyuma ya kidari, ambako seli T changa, aina ya seli nyeupe za damu, huonyeshwa protini za viungo mbalimbali na zile zenye kuzishambulia huondolewa mapema. AIRE ikiharibika, seli hizo husalia, nazo huchochea utengenezaji wa kingamwili potofu. Kwa kawaida mtoto huugua akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, ilhali wazazi wenyewe ni wazima. Kwa hiyo hapa Unguja na Pemba, ambako kuoana watoto wa ami si jambo geni, daktari akiuliza habari za ukoo hamlaumu mtu.

Mtoto huanza na utando mweupe wa fangasi kinywani, unaofutwa na kurudi. Baadaye kalsiamu hushuka damuni hata vidole vikakakamaa, na pengine akashikwa na mtukutiko ambao nyumbani hudhaniwa kuwa degedege la homa. Hatimaye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hushindwa kazi.

Ni rahisi kudhani kwamba kingamwili ndizo zinazobomoa tezi hizo. Kwa adrenali, hata hivyo, kimeng'enya kinacholengwa kimo ndani ya seli, na waharibifu wakuu wanaaminika kuwa seli T. Kingamwili ni shahidi tu, ingawa shahidi mwenye faida, kwani huweza kuonekana damuni kabla tezi haijashindwa. Kingamwili zinazohusika na fangasi wa kinywani ni kisa kingine. Mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa wagonjwa hawa wana kingamwili zinazozima intaliukini 17 na 22, protini zinazoulinda utando wa kinywa dhidi ya fangasi: hapo kingamwili zenyewe ndizo zinazoudhuru mwili, kwa kuunyang'anya silaha.

Takriban wagonjwa wote pia wana kingamwili dhidi ya intaferoni, kinga ya awali dhidi ya virusi, na kipimo chake husaidia kuyatambua maradhi. Mwaka 2020 kingamwili za aina hiyo zilikutwa kwa takriban asilimia 10 ya wagonjwa mahututi wa korona waliochunguzwa, wengi wao wanaume, ambao hawakuwa na APECED.