Kupunguza Pointi: Kuuza Mechi Uliyoshinda

Ukisikia mchezaji kauza mechi, haraka unafikiria timu iliyokubali kufungwa. Kwenye mpira wa kikapu kuna namna iliyojificha zaidi: timu inashinda, mashabiki wanashangilia, na bado mechi imeuzwa. Huko ndiko kupunguza pointi.

Mambo haya yalishamiri Marekani miaka ya 1940, ulipoenea mtindo wa kubeti kwa tofauti ya pointi. Timu yenye nguvu hubebeshwa mzigo, tuseme pointi 8. Ukiweka hela yako kwake, haitoshi ishinde. Lazima izidi hizo 8. Ikishinda kwa 5, umeliwa. Basi mcheza kamari akimpata mchezaji mmoja wa kulegeza, anabeti upande wa pili na kulala usingizi. Mchezaji naye anabembelezwa kwamba hakuna anayeumia, kwani timu yake itashinda tu.

Januari 1951 maneno ya namna hiyo yalimfikia Junius Kellogg, kijana mrefu wa Portsmouth, Virginia, aliyekuwa amepitia jeshini kabla ya kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa Manhattan College, New York. Alikuwa akijikimu kwa kibarua cha duka la aiskrimu. Aliyemfuata hakuwa jambazi wa vichochoroni bali mtu aliyewahi kuwa nahodha wa timu hiyo hiyo, na ahadi yake ilikuwa dola 1,000. Kazi yenyewe nyepesi: chelewa kuruka kwenye ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa ringi, rusha mpira upite juu ya ringi, usijitume. Ubaya wa mchezo huu uko hapo hasa, maana hakuna mchezaji asiyekosa, na jicho la shabiki haliwezi kutenganisha kukosa na kukosea makusudi.

Kellogg alikwenda moja kwa moja kwa kocha wake, Ken Norton, na suala likafika kwa mwendesha mashtaka Frank Hogan. Akaombwa ajifanye amekubali. Usiku wa mechi na timu ya chuo cha DePaul, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, wasiwasi ulimbana hadi akacheza vibaya kweli. Mimi hapo ndipo roho inaniuma: aliyekataa kuuza alionekana uwanjani kama aliyeuza. Wenzake walipambana, Manhattan wakashinda 62 kwa 59, na kamatakamata ikaanza.

Wimbi halikuishia chuoni kwake. Liliwakumba wachezaji wa City College, mabingwa wa mashindano yote mawili makubwa ya vyuo mwaka 1950. Likamkumba Sherman White wa Long Island University, aliyekuwa akiongoza nchi nzima kwa kufunga. Alifungwa jela ya Rikers Island na NBA, ligi kuu ya kulipwa, ikamfungia mlango. Kwa jumla walitajwa wachezaji 32 wa vyuo 7.

Kellogg alimaliza masomo na kujiunga na Harlem Globetrotters, timu ya kikapu cha maonyesho. Mwaka 1954 gari walilokuwemo lilipata ajali, naye akapooza. Hakuuacha mpira: akawa kocha wa kikapu cha viti vya magurudumu, akifundisha watu ribaundi na pasi akiwa mwenyewe juu ya kiti, hadi timu yake ikatwaa ubingwa.