Usiichonge frogi, pima reli ya ulinzi

Ushauri ni uleule kila mara: behewa la treni ya mfano likiruka reli kwenye frogi (kipande chenye ncha ya V pale reli mbili zinapokatana) ya pointi (mahali njia inapogawanyika) uliyojitengenezea, shika tupa upanue pengo linalopitisha ukingo wa gurudumu. Hapana! Ukilipanua, gurudumu hukosa pa kukanyaga katikati ya pengo, linazama, kisha linaigonga ncha kwa nguvu zaidi. Kosa mara nyingi liko ng'ambo ya njia, kwenye reli ya ulinzi, ile fupi inayokaa kando ya reli ya nje mkabala na frogi.

Tuchukue skeli ya HO (treni za mfano za 1:87). Upana wa njia ni 16.5 mm. Kati ya migongo (nyuso za ndani) ya magurudumu mawili ya ekseli moja kuna kama 14.4 mm, na unene wa ukingo wa gurudumu ni kama 0.76. Jumlisha: kutoka mgongo wa gurudumu moja hadi uso wa ukingo wa mwenzake ni 15.16. Reli ya ulinzi huuzuia mgongo huo ili ekseli isisogee upande wa ncha. Kwa hiyo kipimo kinachookoa ni kutoka uso wa reli ya ulinzi hadi ncha ya frogi: 15.3. Pengo linalobaki kati ya reli ya ulinzi na reli ya nje ni 1.2. Ukiacha pengo la 1.6, kipimo kinashuka hadi 14.9, na ukingo unadai 15.16. Utaigonga ncha tu, hata kama upana wa njia ni 16.5 kamili. Ukilibana hadi 0.6, ukingo hauingii.

Kabla ya yote, pima magurudumu kwa kalipa. Yaliyobanana au kuachana hayaponywi na pointi yoyote.

Kwenye mataruma yenye ngozi ya shaba, lehemu frogi kwanza, halafu reli za nje, na za ulinzi mwisho, ukichomeka kibati cha 1.2 mm kwenye pengo. Ruka taruma moja moja, joto lisipinde reli.

Ndimi (reli mbili zinazosogea kugeuza njia) zipige tupa hadi ncha iwe nyembamba, kitako cha reli nacho. Kuichimba reli ya nje ili ncha ijifiche, bado nasita: mgongano unapungua, lakini ukizidisha kidogo gurudumu linanaswa hapohapo. Heri kuendelea kuunyoa ulimi.

Umeme: kata ngozi ya shaba katikati ya kila taruma, tenga frogi na reli zote, kisha ilishe kupitia swichi inayogeuka pamoja na ndimi. Pima kwa maltimita kabla ya kuwasha.