Hulka, mazoea na chai ya saa nne

Neno "tabia" limebeba mizigo miwili, na katika mambo ya kula ni vizuri kuitenganisha. Tukisema mtu ana tabia ya upole, tunataja hulka yake, yaani namna alivyo popote aendapo. Tukisema ana tabia ya kutafuna karanga akiwa kwenye basi, hayo ni mazoea: jambo lililorudiwa mahali palepale, kwa wakati uleule, mpaka mkono unalifanya bila kuagizwa. Anayetafunatafuna kati ya mlo na mlo huitwa mroho, na hapo tumeilaumu hulka. Kwa maoni yangu lawama hiyo mara nyingi humwonea mtu bure, maana kinachomvuta ni mazoea.

Hulka nayo ina nafasi yake. Wanasaikolojia hupima haiba kwa sifa kuu tano, na mbili kati ya hizo zinahusiana sana na ulaji. Watu wenye kupanga mambo yao na kujizuia, kwa wastani, hula matunda na mboga zaidi na vitafunio vichache. Wale wepesi wa wasiwasi na huzuni huelekea kula ili kutuliza moyo, na moyo uliochafuka hauombi mchicha. Huomba kitu kitamu au chenye mafuta. Mwaka 1986 Tatjana van Strien na wenzake nchini Uholanzi walitunga dodoso la maswali 33 linalotofautisha ulaji wa namna tatu: kula kwa sababu ya hisia, kula kwa kuvutwa na kinachoonekana au kunukia, na kula kwa kujibana. Umeshiba, unapita penye karai la mihogo, harufu inakushika na unanunua: hiyo ni namna ya pili. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, kila moja kwa kiasi chake.

Nguvu ya mazoea ilionekana wazi katika utafiti wa bisi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 na David Neal, Wendy Wood na wenzao. Watu walioingia ukumbi wa sinema walipewa bisi. Wengine walipata za siku ileile, wengine zilizokaa siku saba, zimelegea na hazina ladha. Wasiozoea kula bisi sinema walizionja hizo za zamani na kula kidogo tu. Waliozoea walikula za zamani karibu sawa na mpya, ingawa wenyewe walisema ni mbaya. Tamaa ya ladha haiwezi kueleza jambo hilo. Kiti, giza na skrini ndivyo vilivyokuwa vinawalisha. Walipopewa bisi hizohizo katika chumba cha mikutano, wakitazama video za muziki, waliozoea nao waliziacha. Katika jaribio jingine, ndani ya ukumbi wa sinema, watu waliambiwa watumie mkono wasiouzoea. Hapo waliozoea bisi nao wakaanza kula kulingana na ladha, kwa sababu mkono uliosita uliipa akili nafasi ya kuuliza.

Sasa ifikirie chai ya saa nne asubuhi. Aliyekunywa uji mzito saa moja na nusu hana haja kubwa ya andazi, lakini saa nne ikigonga, wenzake wakisimama na chupa ya chai ikifunguliwa, andazi limeshafika mdomoni. Tena mwili wenyewe hujifunza ratiba. Tumbo hutoa homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula. Njaa ya saa nne basi ni ya kweli, ila imefundishwa. Anayefunga Ramadhani anaifahamu hali hii: katika siku za mwanzo saa nne humsumbua, kisha wiki zikisonga saa hiyo hupita kimya zaidi.

Kwa hiyo kujikaripia peke yake hakutoshi kwa anayetaka kupunguza vitafunio. Hulka haibadiliki kwa wiki mbili, lakini mahali pa kuweka sahani panabadilika leo. Bakuli la kashata likitoka mezani na kuingia kabatini, mkono hukosa njia yake. Saa nne inaweza kubaki saa nne, chai ikabaki chai, lakini pembeni pakawekwa ndizi au embe badala ya andazi. Njia hii naiamini kuliko kuifuta saa yenyewe, kwa sababu chai ile pia ni mazungumzo na wenzako, na hakuna sababu ya kuyakosa. Kwa mwenye kula kwa huzuni mambo ni magumu zaidi. Huyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye kabla ya kuambiwa lolote kuhusu sahani.

Zoea jipya huchukua muda. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Lilichukua wastani wa siku 66 kuwa zoea, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 mpaka 254. Na aliyeruka siku moja hakurudi mwanzo: kesho yake aliendelea, na zoea likazidi kujengeka karibu kama vile hakuna siku iliyokosekana.