Shafti nayo inataka mafuta

Nimechoka kusikia wenye pikipiki wakisema, "Hii ni ya shafti, haina matunzo," yaani gurudumu la nyuma linazungushwa na fimbo ya chuma badala ya cheni. Haina cheni ya kukaza, hilo kweli. Matunzo inayo, tena yakikosewa bei yake inauma kuliko cheni kumi.

Chukueni BMW R100RS iliyotoka 1976, zile za mwanzo zenye breki ya dramu nyuma. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mzunguko haupindi kona mpaka ufike kwenye difu, sanduku la gia la gurudumu la nyuma. Njiani mna vyumba vitatu, kila kimoja na mafuta yake: giaboksi ml 800, shafti ml 150, difu ml 250. Tieni mafuta ya gia namba 90, na kwenye difu yawe ya daraja la GL-5. Kumwaga ya injini peke yake si sevisi.

Pimeni shafti na difu siku moja. Difu ikizidi huku shafti imepungua, msitulie eti sakafu ni kavu. Sili ya pinioni, mpira unaozuia mafuta pale shafti inapoingia kwenye difu, imechoka, mafuta yamehama chumba. Yakiendelea kujaa difu yatatafuta mlango, na mlango wa karibu ni dramu ya breki. Mafuta ya shafti yakitoka meupe kama chai ya maziwa mkiyamwaga, maji yameingia. Anzeni kukagua ule mpira wa mikunjo nyuma ya giaboksi.

Lakini kinachoniudhi hasa ni meno yanayoshika difu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hayo hayaogelei kwenye mafuta yoyote. Ni grisi ya mkono tu, na kwa hewa hii yetu ya chumvi, pikipiki inayovuka kivuko cha Likoni, Mombasa, kila siku haifai kungoja tairi liishe. Vueni gurudumu, osheni meno kwa mafuta ya taa, yafuteni. Unga mwekundu ni kutu: yamesagana makavu. Jino zima lina kichwa bapa. Lililoliwa limechongoka kama la msumeno.

Habu ibadilishwe lini? Hapo naamua kwa jicho na ukucha. Nusu ya unene wa jino ikiisha, nabadilisha, na huenda mara nyingine nawahi. Habu ikikatika meno, injini inanguruma, gia imeingia, na pikipiki haisogei.

Grisi iwe ya molibdenamu, ipakwe kwa brashi, utando mwembamba tu hadi kwenye mashina ya meno. Ikizidi itarushwa kwenye brekishu.