Kaskazi Haigeuzi Mkondo wa Pwani Yetu

Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini, ikishaingia, kuanzia Novemba hivi, wengi hapa Dar es Salaam huamini kwamba bahari nayo imegeuka na maji sasa yanakwenda kusini. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa kuwa ukisimama Kunduchi unaona mawimbi yakiufuata upepo. Lakini nje kwenye kina kirefu, mkondo mkuu wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Upepo hubadilisha kasi yake tu.

Chanzo chake kiko mbali. Pepo za kusini mwa ikweta zinasukuma maji ya Bahari ya Hindi kuelekea magharibi bila kupumzika. Maji hayo yanapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, yanagonga Afrika karibu na Rasi Delgado, kisha yanagawanyika: mengine yanashuka Msumbiji, mengine yanapanda kuja kwetu. Kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, ikikolea, kati ya Juni na Agosti, mkondo huu unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Wakati wa kaskazi hushuka hata chini ya nusu mita. Unaogeuka kwelikweli ni ule wa Somalia. Miezi ya kaskazi unateremka kusini, unakutana na wetu kwenye pwani ya Kenya, na yote miwili inakunja kwenda mashariki, bahari kuu.

Karibu na nchi mambo ni tofauti. Sehemu ya bara iliyozama chini ya maji ni nyembamba kwetu, kilomita chache tu mahali pengi, ila kati ya bara na Unguja, na kati ya bara na Mafia, inapanuka sana na maji ni ya kina kifupi. Humo kujaa na kupwa kwa maji kuna nguvu kubwa, hasa siku za bamvu, yaani za maji makubwa, na mwelekeo hubadilika kwa saa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya uokoaji. Injini ya chombo ikizimika nje wakati wa kaskazi, wenzake wa nahodha hukimbilia kukitafuta kusini. Chombo kilichoinuka juu ya maji kinaweza kweli kusukumwa na upepo huo, lakini mtu anayeelea hubebwa na maji. Hata kwa nusu mita kwa sekunde, saa 12 zinampeleka zaidi ya kilomita 20 kaskazini. Mnapotoa taarifa, semeni kwanza saa ya tukio, kisha mahali, kisha kama watu wamo chomboni au majini.